Nilipanda blugamu juu ya chemchemi ya nyanya

Nyanya yangu hakuwa na saa. Chemchemi yetu kule Maragoli aliipima kwa salamu. Nilipokuwa mdogo, ukitega mtungi wa lita 20 chini ya bomba kisha ukageuka kumsalimia aliyekuja nyuma yako, mlipofika kwa "na ng'ombe je, wazima?" maji tayari yalikuwa yanamwagika. Kufikia mwaka 2001 mlimaliza ng'ombe, mkaingia kwa wakwe, mkamsengenya jirani mzima mzima hadi akaisha, na mtungi bado haujafika shingoni.

Aliyeiharibu chemchemi hiyo ni mimi. Tulikuwa wengi, lakini jembe lililochimba mashimo ya kwanza lilikuwa mikononi mwangu, tena nilikuwa nikiimba.

Mwaka 1993 nilikuwa kidato cha tatu na mwanachama sugu wa chama cha mazingira shuleni. Tulilelewa kwa wimbo mmoja: ukikata mti mmoja, panda miwili. Hakuna aliyeuliza mti gani, wala upandwe wapi. Tulipopewa miche ya blugamu bure (vitabuni huitwa mkaratusi), niliomba sitini nikaipeleka nyumbani. Katika kashamba kale ketu ka nusu ekari, mahali pekee palipokuwa wazi ni mteremko ulio juu kidogo ya chemchemi. Niseme ukweli, hapakuwa wazi kabisa. Palikuwa na mikuyu miwili mikongwe, iliyopinda, isiyofaa mbao wala nguzo. Nyanya alitukataza hata kuvunja tawi lake. Nikamwambia baba mdogo kwamba huo ni ushirikina tu, naye, aliyekuwa akitafuta kuni za kuchomea matofali, alikubaliana nami upesi ajabu.

Nyanya aliniuliza swali moja. "Huyo mwalimu wako wa miti, yeye anateka maji wapi?"

Nikacheka. Mwalimu alikuwa na tangi la shule.

Blugamu hazikuniangusha. Zilipanda juu wima kama zilizotumwa, na baada ya miaka michache baba mdogo akaanza kuuza fito, kisha nguzo, kisha kuni kwa wenye malori. Karo ya mdogo wangu ilitoka humo, na sitaikana leo kwa kuwa nimeerevuka. Kilichofuata kilikuja polepole mno, hata hakuna aliyekihusisha na miti. Nduma za nyanya, zilizokuwa na majani mapana kama sinia pale maji ya bomba yalipomwagikia, zikadumaa na kuwa manjano. Kiangazi cha Januari bomba likaanza kudondosha. Wengine walisema mvua imepungua. Wengine wakadai kuna mtu aliyekwenda kufulia pale usiku, chemchemi ikaona aibu. Mimi, kwa ule ujasiri wa mtu aliyesoma kidogo, nikasema dawa ni kupanda miti zaidi.

Ilinichukua miaka kuelewa jambo ambalo ningeliweza kuliona kwa kukaa tu chini na kutazama mlima. Maji ya chemchemi kama ile hayatoki kilindini mwa dunia. Ni mvua iliyozama udongoni huko juu, ikateremka taratibu chini kwa chini hadi ikagonga mwamba, ikatafuta pa kutokea. Sasa weka katikati ya safari hiyo miti sitini inayokua mbio, yenye majani mabichi kiangazi na masika, na mizizi inayoyafuata maji yalipo. Kila jani linatoa mvuke mchana kutwa. Mti ule haukuwa na ubaya wowote. Ulikunywa ili ukue kwa kasi ile ile tuliyoupendea. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mnamo 1902 ili kupatikane upesi kuni za garimoshi, muda mfupi baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Walioutafuta walitaka kuni za haraka. Kazi ya kulinda chemchemi ni sisi tulioupa.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshashuka Kisumu kutafuta riziki. Mwaka 1998 binamu yangu alikuja kunitembelea, nikampeleka ufuoni alione kwa karibu Ziwa Viktoria, ambalo tangu utotoni tuliliona kutoka kilimani kama kipande cha bati kinachometameta. Akasimama, akatazama kushoto na kulia.

"Sasa ziwa liko wapi? Mimi naona shamba."

Gugu maji lilikuwa limefunika Ghuba ya Winam, maelfu ya hekta. Mashua zilikwama, meli zilishindwa kukaribia bandari, na wamama wa omena waliketi na beseni tupu. Nilijiunga na kikundi cha vijana waliokuwa wakiling'oa kwa mikono kwa malipo kidogo. Ukilishika gugu lile mara ya kwanza, bila utani, utalipenda. Ua lake ni la zambarau hafifu lenye jicho la manjano, ndiyo maana lilitolewa Amerika Kusini likasambazwa duniani kama pambo la bustani. Shina limevimba chini kama kitunguu, na ukilibana unasikia ni sifongo tupu iliyojaa hewa. Mizizi ni myeusi, inaning'inia kama ndevu zilizolowa, na humo ndani mna konokono, ruba, na siku ikiwa mbaya, nyoka. Tulivuta kuanzia alfajiri, tukarundika ufuoni lundo la kufika kifuani, tukaoga, tukaenda zetu tukijiona mashujaa.

Baada ya majuma mawili nafasi tuliyoifungua ilikuwa kijani tena. Gugu hilo likishiba huweza kuongezeka maradufu kwa muda kama huo, na mbegu zake hulala matopeni miaka na miaka zikingoja. Na lile lundo letu? Lilioza pale pale ufuoni, mvua ikaliosha, mchuzi wake mweusi ukateremka kurudi ziwani. Tulikuwa tunalipikia.

Hapo ndipo palipotokea kisa cha fukusi. Mwaka 1997 watafiti walikuwa wameachilia ziwani wadudu wadogo wanaokula gugu hilo. Kwa Kiswahili mdudu wa jamii hiyo ni fukusi, na hakuna mwenye ghala asiyemjua fukusi. Kwenye baraza moja ya ufuoni mzee mmoja tuliyemwita Japuonj, kwa kuwa alikuwa mwalimu mstaafu, alisimama akauliza: "Mnatuletea fukusi ziwani, akimaliza majani si atapanda nchi kavu kula mahindi yetu?" Watu walipiga makofi. Nami nilipiga. Jina lilikuwa limetutisha kuliko mdudu mwenyewe. Aina zile mbili zilichaguliwa kwa kuwa maisha yao yote yako kwenye gugu hilo: hutaga humo, mabuu hutoboa shina humo, na gugu likiisha nao hupungua. Fukusi wa mahindi ni ukoo wa mbali. Lakini ukishampa mtu neno la kumwogopesha, maelezo hufika yamechelewa.

Kufikia mwaka 2000 ghuba ilikuwa imefunguka, na kila mtu akadai ushindi. Makanisa yalifanya ibada za shukrani. Kikundi chetu kilichapisha fulana. Watafiti walitaja fukusi, na wengine wakaongeza mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998, yaliyolipiga na kulisukuma gugu ambalo tayari lilikuwa limedhoofika. Mimi naamini fukusi walifanya kazi kubwa na hali ya hewa ikawasaidia. Fulana hazikusaidia kitu. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, na gugu likarudi kana kwamba lilikuwa limekwenda likizo.

Nikaanza kutazama mito. Simama kwenye daraja la Nyando pale Ahero siku ya mvua, uone maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni mashamba ya watu yanapita, na mbolea yao. Ongeza maji machafu ya mji yanayoshuka na Kisat na vijito vingine. Yote huishia kwenye ghuba isiyo na kina kikubwa, iliyojibana kama chumba chenye mlango mmoja. Gugu hukuta chakula kimeandaliwa. Kuling'oa ili mashua zipite ni lazima, sibishi, lakini tuliamini kwamba ndiyo tiba. Ilikuwa kama kumpangusa jasho mgonjwa wa malaria na kushangaa kwamba homa haishuki.

Mwaka 2009 John Michuki, waziri wa mazingira wakati huo, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Nikapanda kijijini na msumeno. Baba mdogo alinipokea mlangoni na swali la haki: "Na nguzo zangu atanilipa nani?" Sikuwa na jibu, nikampa nguzo zote auze yeye. Visiki vya blugamu havifi kirahisi. Vilichipua kutoka ubavuni, vikawa vichaka, na kila baada ya miezi kadhaa tulikuwa tukirudi na panga kufyeka machipukizi huku tukilaumiana. Kiangazi cha tatu bomba likaongeza nguvu. Halikufikia lile la utotoni. Mtungi ulijaa mkiwa mmetoka kwa ng'ombe na mko katikati ya wakwe. Nyanya alinishika mkono akanipeleka kuona nduma, zilikuwa zimeanza kutanua majani.

"Nduma zimerudi," akasema. "Mikuyu je?"

Nikatoka hapo na elimu mpya, nayo ilikuwa mbovu kama ya kwanza. Niliamua kwamba cha kigeni ni kibaya na cha kienyeji ni chema, basi. Ushahidi nilikuwa nao: blugamu ya Australia, gugu maji la Amerika Kusini, na samaki mbuta (sangara), aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 na kufikia miaka ya 1980 akawa ameongezeka kiasi kwamba aina nyingi za fulu, visamaki vya ziwa hili tu, zilitoweka. Nilihubiri hivyo kwenye mikutano. Kisha tulikuwa tukienda kula ugali wa mahindi, nafaka iliyotoka Amerika, kwa samaki wa mbuta, na hakuna aliyenikosoa kwa sababu sote tulikuwa na njaa.

Kwa imani hiyo nilifungua kitalu kando ya barabara ya kwenda Maseno. Siala, mkuyu, mvule. Blugamu kidogo tu za kulipia kodi, nilizozificha nyuma. Na mwezi Juni 2018 nikapata kazi kubwa: kikundi kimoja kilitaka kuadhimisha Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5, kwa kupanda miche mia nne ufuoni karibu na Kisumu. Miche yote ya kienyeji. Nilifurahi kama bwana harusi.

Mahali penyewe palikuwa na mafunjo. Kila mtu aliyaita "kichaka". Ati yanafuga mbu, viboko na wezi, ati ardhi imekaa bure. Tukayafyeka kwa siku tatu: ukanda mrefu wa ukubwa wa nusu ya uwanja wa mpira, na kingo za upande wa pili zikachomwa. Mafunjo ni mazito kukata. Shina lina pembe tatu, linachana kiganja, na ukikanyaga pale yalipokuwa, ardhi inacheza chini yako kama godoro, kwa sababu mara nyingi si ardhi, ni mkeka wa mizizi uliolala juu ya maji. Hilo nililihisi kwa mguu wangu mwenyewe na halikunipa fikira yoyote. Wamama wanaosuka mikeka na vikapu kwa mafunjo hayo walisimama pembeni kimya. Nilidhani wamefurahi.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Nikabaki kuokota zile karatasi nyeusi za plastiki za miche. Nilijaza magunia mawili. Mwaka mmoja tu ulikuwa haujaisha tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini, Agosti 2017, na sisi tulikuwa tumeisherehekea siku ya mazingira kwa kutapakaza plastiki ufuoni. Tangu siku hiyo nikiona picha ya watu wakipanda miti, huangalia kwanza miguuni pao.

Mvua za mwishoni mwa 2019 hazikutaka kwisha. Mwezi Mei 2020 ziwa lilifikia kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964. Hoteli za ufuoni, vibanda vya samaki, mashamba, vyote vikaingia majini. Mitaani tulijua sababu: Waganda wamefunga bwawa la Jinja, pale ziwa linapotokea kuingia Mto Nile. Nilisikia hilo kwa kinyozi, kwa mchuuzi, na kwa mhubiri mmoja kwenye matatu. Ukweli ni kwamba takriban asilimia 80 ya maji ya Ziwa Viktoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua ikizidi mfululizo, mlango mmoja wa Jinja hauwezi kuyamaliza upesi. Hao Waganda wenyewe walikuwa na lao: mwezi Aprili kisiwa cha majani kinachoelea kilikuwa kimefika Jinja kikaziba mitambo ya umeme, nchi nzima ikalala gizani.

Maji yaliposimama nilikwenda kuona miche yangu. Siala zilikuwa ndani ya maji hadi kwapani, zimekauka zikiwa zimesimama, kila moja na kijiti chake na kibao chenye jina la aliyeipanda. Mti ule unapenda unyevu, lakini mizizi yake inahitaji kupumua. Hatua hamsini kutoka hapo, mafunjo ambayo hatukuwahi kuyafikia yalikuwa mabichi, yameinuka pamoja na ziwa kama mashua iliyofungwa vizuri. Nyuma yake njia ya kwenda kwenye vibanda ilikuwa bado ipo. Mahali tulipofyeka, mawimbi yalikuwa yamekula ukingo, yakachukua njia, yakachukua na choo cha ufuoni.

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikazungumza na mvuvi aliyekuwa akitengeneza nyavu. Aliniita omera, yaani ndugu, bila hasira, akaniambia kwamba samaki kama mumi na kamongo walikuwa wakizaa humo humo "kichakani", kwa kuwa maji ya ndani ya mafunjo yana hewa kidogo na mbuta hayawezi. Matope ya mito pia huchujwa na kunaswa na mizizi ile kabla hayajafika ziwani. Yaani ile kazi ya kulinyima gugu maji chakula, niliyokuwa nikiitafuta tangu 2006, mafunjo yalikuwa yakiifanya bure, na mimi niliyafyeka ili nipande miti. Miti ya kienyeji, eti.

Mwaka huo binti yangu alikuwa amenisimulia safari ya shule ya Nakuru waliyoifanya kabla shule hazijafungwa kwa korona. Alitarajia kuona ziwa la waridi, akakuta heroe wachache kwa mbali na migunga mikavu imesimama majini. Nilimwambia, kwa mazoea, kwamba ni uchafu wa mji. Nilipotafakari zaidi nikakumbuka miaka ya katikati ya 1990, ziwa lile lilipokauka karibu lote na sote tukaomba mvua. Ziwa Nakuru ni la magadi. Heroe wadogo hula mwani unaostawi kwenye magadi makali, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yamekuwa yakipanda na kuuzimua ukali huo. Ndege wakahamia Ziwa Bogoria kwenye chakula. Uchafu wa mji upo, lakini siku ile nilikuwa nimemjibu mtoto kabla ya kutazama, na ilinibidi nimpigie simu tena.

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza siku ya mapumziko ili watu wapande miti, lengo likiwa miche milioni 100 kwa siku hiyo, sehemu ya ile bilioni 15 inayolengwa kufikia 2032. Niliuza kila kitu kabla ya saa sita mchana. Sitajifanya mtakatifu, nilinunulia bati fedha zile. Ila sasa nina tabia inayonifukuzia wateja.

Juzi alikuja jamaa na pikipiki, ana haraka, anataka blugamu mia tatu. Nikamuuliza atazipanda wapi. Akataja shamba lake bondeni, kando ya kijito ninachokijua, nimewahi kunywa maji yake. Nikamwambia ana kile kipande cha mawe kule juu ya barabara, azipeleke huko, zitakua na atauza nguzo vizuri tu. Huku chini nimpe mikuyu na miche ya nduma.

"Mkuyu nitamuuzia nani?"

Nikanyamaza.

"Mzee, wewe unauza miche au unauza maswali?"

Akawasha pikipiki akaelekea kitalu cha jirani yangu. Jioni alipita akirudi, miche imefungwa nyuma kwa mpira, inayumba. Alinipigia honi ya kirafiki. Nami nilipunga mkono, huku nikiihesabu kwa jicho. Haikupungua mia tatu.